Shangazi wa Kuazima

Mukandori alivunjika mkono katikati ya shamba, juma la kwanza la mvua, na neno la kwanza alilolitamka alipookotwa matopeni ni kwamba bibi-arusi asitoke. Mumewe, Hakorimana, alidhani mkewe anaweweseka kwa maumivu. Hakuwa anaweweseka. Ndani ya nyumba, nyuma ya kizuizi cha mianzi, mke wa mwanawe alikuwa amesikia ukelele, na mguu wake mmoja ulikwisha kufika mlangoni, mkeka ukiwa kichwani. Aliposikia neno hilo alirudi akaketi.

Huyo bibi-arusi aliitwa Vestine. Alikuwa ameolewa zaidi ya miaka miwili, na mtoto wake, Emérita, alikuwa anatembea na kuiba ndizi. Msicheke bado. Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi: msichana akiolewa hukaa ndani, uso umefunikwa kwa mkeka. Halimi, hachoti maji, hapiki, wala baba mkwe hamwoni sura. Atakaa hivyo mpaka watu wa kwao waje na pombe, chakula na maziwa, shangazi yake amfunue, amnyoe nywele za usichana na kumkabidhi jembe. Wenyewe wanaita kutwikurura. Kwa kawaida ni mambo ya majuma machache, na wanawake wengi wa mlima ule huyakumbuka majuma hayo kuwa ndiyo likizo pekee waliyowahi kupata tangu kuzaliwa.

Vestine aliingia nyuma ya kizuizi mwanzo wa mwaka 1964. Kabla pombe ya kwao haijaiva, vita vya majirani vilipanda mlimani. Kwao ni Karuba, na nyumba za upande ule zilichomwa. Mama yake, shangazi zake, wadogo zake, wote walitawanyika, na hakuna mtu aliyeleta habari zao, njema wala mbaya.

Hata kukimbia, alikimbia akiwa amefunikwa. Watu wa mlima ule wa Bihambwe bado wanahadithiana jinsi nyumba ya Hakorimana ilivyoshuka kuelekea misitu ya Walikale, mumewe Evode mbele na baba yake nyuma, wamembeba bibi-arusi ndani ya mkeka. Kwenye kizuizi cha barabarani vijana wenye mapanga waliamuru mzigo ufunguliwe. Hakorimana aliwaeleza desturi yote tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na maziwa. Kijana mmoja akainua panga akate kamba, na mkubwa wao akamwuliza kama yeye ni shangazi wa yule mwanamke. Hakuwa shangazi. Wakaruhusiwa kupita.

Amani iliporudi walipanda tena mlimani, wakajenga, na kitu cha kwanza kusimama ndani ya nyumba mpya, hata kabla ya mlango, kilikuwa kizuizi cha mianzi.

Sasa mambo yalikuwa yamefika shingoni. Kwa miaka yote hiyo Mukandori ndiye aliyelima, akachota maji, akasenya kuni, wakati mwanamke mwenye nguvu za kuangusha fahali alikaa ndani akisuka vikapu ambavyo hakuna aliyehitaji. Evode alipika. Alipika vibaya. Maharagwe yake yaligonga sahani yakimiminwa, na mlima mzima ulijua. Alipoteremka kijitoni na mtungi, mtoto mgongoni, wanawake walimpisha kwa heshima za kejeli na kumwuliza kama mimba ya pili atabeba yeye au mkewe. Alikuwa mtu mpole, akawajibu kwamba watajadiliana. Lakini usiku mmoja baba yake alimkuta amekaa nje kwenye manyunyu, analia bila sauti, na baba alirudi ndani akajifanya hakuona.

Mbegu za maharagwe zilikuwa zimening'inizwa juu ya meko, kikapu kimoja tu, mbegu walizoyanyima matumbo yao. Mvua ilikuwa imeshuka. Majirani walikuwa wanapanda. Hakorimana alikuwa na kiuno kibovu tangu msituni, Evode peke yake asingefika nusu ya shamba kabla ya mvua kuharibu ardhi, na Mukandori mkono wake ulikuwa umefungwa kwa vijiti na majani ya ndizi. Kama maharagwe yasingeingia ardhini ndani ya siku hizo, nyumba ile ingekula nini baada ya Noeli? Hata Emérita angeweza kukujibu.

*

Wa kwanza kuleta dawa alikuwa katekista Viateur, mtu mwembamba aliyependa mambo yaende kama yalivyoandikwa. Vestine alikuwa amemsumbua kwa muda mrefu. Kila Jumapili, ruhusa pekee ya kutoka aliyokuwa nayo, aliingia kanisani amefunikwa, akaketi nyuma, na kwa kuwa nywele zake hazikunyolewa tangu usichana, zilikuwa zimepanda kiasi kwamba mkeka haukulala tena vizuri kichwani, ulisimama kama paa. Watoto waligeuka kutazama wakati wa mahubiri. Viateur alisema kwamba mwanamke aliyebatizwa, akafunga ndoa mbele ya altare, na mtoto wake akabatizwa, amekwisha kufunuliwa mbele ya Mungu. Kama wanataka uhakika, Padri akipita kutoka misioni atamwekea mkono na kuondoa mkeka.

"Padri haiko shangazi yake," alisema Mukandori.

Katekista alifafanua kwamba Padri ni baba wa wote. Mukandori alijibu kwamba baba anajulikana, na hakuna anayemkatalia, lakini kinachotafutwa hapa ni shangazi. Viateur akanywa uji aliopewa, akaona una mabonge, akaenda zake.

Evode alitoa shauri lake kwa sauti ya chini. Kwa nini mkewe asiinue tu ule mkeka, akatoka, akalima? Nani angemfunga? Mama yake alimtazama kana kwamba ametukana. Wanawake wa mlima ule walikuwa na neno moja ambalo hawakulisema ovyo: bibi-arusi anayejifunua mwenyewe amewazika watu wa kwao. Ni kusema, mimi sina tena wa kunijia. Mukandori hakuogopa njaa kiasi hicho. Aliogopa kumfanyia binti wa watu mazishi ya mama yake kwa sababu ya kikapu cha maharagwe.

Na Vestine mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Watu walidhani ni mama mkwe anayemfungia. Sivyo. Kuketi pale kulimchosha hadi mifupa, na kumwona mumewe akichekwa kulimuuma, lakini maadamu mkeka ulikuwa kichwani mwake, mama yake alikuwa bado anakuja. Amechelewa tu. Pombe haijaiva, njia ni mbaya, mvua imemzuia mahali. Siku mkeka ukitoka kwa mkono usiokuwa wa watu wa kwao, safari ya mama yake imekwisha. Alimwambia Evode hivyo usiku, mara moja, na Evode hakumshauri tena.

Lakini mkono wa mama mkwe uliovunjika ulimvunja na yeye. Asubuhi ya pili aliongea kutoka nyuma ya mianzi, jambo ambalo hakulifanya baba mkwe akiwapo.

"Mutafute bantu," alisema. "Bantu banaweza simama pa nafasi ya bantu ya kwetu. Lakini bakuye kwa njia yote, na pombe, na maziwa. Miye sitajitoa miye mwenyewe."

*

Ndipo walipokwama vizuri. Watu wa kumfunua bibi-arusi hawawezi kuwa watu wa bwana-arusi, kwa maana mtu hawezi kuleta pombe mlangoni kwake, akajipokea, akajishukuru. Hakorimana alihesabu nyumba za mlima ule moja moja, na kila nyumba iliyobaki baada ya vita ilikuwa ya kaka yake, au binamu yake, au mtu aliyeoa kwa binamu yake. Walikuwa wamekimbia pamoja, wamerudi pamoja, sasa walikuwa ukoo mmoja kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na mgeni hata wa dawa.

Isipokuwa ng'ambo ya kijito. Kule walikaa Wahunde, majirani ambao zamani waliazimana nao moto na chumvi, na ambao tangu vita hawakusalimiana nao. Walichota maji kijito kimoja kwa zamu ambazo hakuna aliyezipanga. Hakorimana alilisema jambo hilo akiwa anatazama ardhi. Kisha Mukandori akasema kwamba ukiangalia desturi kwa makini, hao ndio hasa. Kadiri wasivyokuwa watu wetu, ndivyo wanavyofaa.

Baba na mwana waliteremka mchana. Mlango waliouendea ulikuwa wa Mama Libérata, mjane mwenye sauti nzito, aliyekuwa maarufu zamani kwa kusimamia harusi za upande wake. Aliwaona wakivuka kijito, akaendelea kupepeta mtama. Hakuwapa kiti. Hakorimana alieleza haja yake akiwa amesimama kwenye jua, kofia mkononi, kiuno kikimuuma, na alipomaliza, Libérata akamwomba aeleze upya.

"Rudia, Papa. Nataka nisikie muzuri."

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu wanawake wengine walikuwa wamesogea kusikiliza, na mmoja aliziba mdomo kwa kitenge.

"Bantu bote hapa chini ya jua," alisema Libérata. "Juu ya nini miye?"

Hakorimana alitafuta jibu la adabu, akalikosa, akatoa la kweli.

"Juu weye haiko muntu wa kwetu."

Kwa miaka miwili na zaidi neno hilo lilikuwa limesemwa kwenye milima ile kwa panga na kwa moto. Hapo ng'ambo ya kijito lilisemwa kwa mara ya kwanza kama ombi, na hata aliyelisema aliona lilivyokaa ajabu mdomoni. Libérata aliweka ungo chini. Alimtazama yule mzee, kisha Evode, ambaye alikuwa na mtoto mgongoni na unga nyusini.

Alisema atakuja, lakini hatakuja kuchezea watu. Akiitwa shangazi, atakuwa shangazi wa kweli. Atakaribishwa kwa mkeka mzuri, atakunywa wa kwanza, na atauliza kila kitu ambacho shangazi anauliza, na wao watajibu. Hakorimana aliitikia yote bila kufikiri, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Walipokuwa njiani kurudi, Evode akamwuliza baba yake shangazi huuliza nini. Hakorimana alisema hakumbuki, zamani alikuwa analewa mapema.

*

Siku ya Jumamosi walikuja wanawake watatu, wamepanga mstari kwenye kijia, Libérata mbele. Walileta ndizi za kupikwa, maharagwe yaliyoiva kikweli, na mtungi wa kasikisi, pombe ya ndizi iliyokuwa bado inachemka kwa ndani. Maziwa ndiyo yaliyoleta mjadala. Wahunde wale hawakuwa na ng'ombe, na ng'ombe wa Hakorimana waliondoka na vita. Libérata alikuwa ameenda hadi misioni akapata maziwa ya unga, yale yanayogawiwa watoto, akayakoroga na maji kwenye kibuyu. Yalikuwa na mabonge. Hakorimana aliyaonja mbele ya watu, akameza kwa shida, akatangaza kwamba hayo ni maziwa ya ng'ombe waliolishwa vizuri.

Mlima mzima ulikuwa umejaa uani. Walikuja kuona kama wale wa ng'ambo watakaa kweli. Wakakaa. Libérata aliketi kwenye mkeka mzuri, akanywa wa kwanza, akafuta mdomo, akaanza.

Aliuliza kama ni kweli kwamba binti yao alibebwa njiani kama gogo la kuchongea mtumbwi, na kama kichwa kilikuwa upande wa mbele au wa nyuma. Hakorimana alikiri kwamba kwenye miteremko walichanganya. Aliuliza ni nani aliyemzalisha, wakati watu wa kwao hawakuitwa. Mukandori alisema ni yeye, msituni, mvua ikinyesha, na hapakuwa na mtu wa kumtuma. Libérata alimpa pole kwa kichwa tu, kisha akauliza kwa nini binti yao analishwa maharagwe mabichi kila siku. Ua wote ukacheka, na Evode akainamisha uso. Shangazi wa kuazima akamwambia kwamba maharagwe yanalowekwa usiku, na kwamba kama angekuwa na adabu angemwuliza hilo mtu wa ng'ambo zamani.

Aliyecheka sana alikuwa Viateur, katekista, ambaye alikuwa amekuja kulaani na akapewa kasikisi.

"Sasa," alisema Libérata, "munioneshe kazi ya mutoto yetu. Atatumika na nini?"

Hiyo ndiyo desturi. Kabla ya kumtoa, wanaangalia jembe, chungu, mtungi na jiwe la kusagia ambavyo vitakuwa vya mikono yake. Evode aliingia ndani akatoa jembe. Akatoa chungu. Akatoa mtungi. Kisha akasita, na Mukandori, aliyekuwa ameketi na mkono wake wa vijiti, aliona jambo ambalo wote walikuwa wamelisahau, kwa jinsi walivyolizoea. Evode hakuwa na njia nyingine. Alilitoa jiwe la kusagia, zito, limebonyea katikati, na ukingo mmoja umemeguka, akaliweka miguuni pa Mama Libérata.

Lilikuwa jiwe la Mama Libérata. Wakati wa vita watu walichukua vitu vya nyumba zilizoachwa, wa huku kwa wale na wa kule kwa hawa, na binamu mmoja wa Hakorimana alirudi na jiwe hilo begani, akampa Mukandori kama zawadi. Mukandori alikuwa amelisagia mtama kila siku tangu hapo, akijua. Libérata aliugusa ukingo uliomeguka kwa kidole gumba, pole pole, mahali ambapo kidole kilipajua. Mkamwana wa binamu fulani alianza kurudi nyuma kuelekea njia. Mmoja wa wanawake waliokuja na Libérata alikuwa tayari amesimama.

Libérata aliinuka, akaomba wembe na maji, akaingia nyuma ya kizuizi cha mianzi. Walioachwa nje waliketi na lile jiwe katikati yao, na hakuna aliyethubutu kuomba kasikisi tena.

*

Ndani palikuwa na giza na harufu ya nywele. Vestine alikuwa amekaa amenyooka, mkeka umemsimama kichwani.

"Haiko weye," alisema kutoka chini. "Sikatai kazi yako, Mama. Lakini mama yangu iko mu njia."

Libérata alikaa chini mbele yake. Kwa muda alichezea wembe. Kisha akamwambia kwamba na yeye alikuwa na binti, Françoise, umri wa huyu huyu, aliyetoka nyumbani na mtungi siku ile milio ilipoanza, akakimbia na wengine upande wa Walikale. Wengine walirudi.

"Na uko namungojea?"

"Niko namungojea. Lakini niko nalima."

Nje, Emérita alisikika akigonga jiwe kwa kijiko.

"Mama akifika, ataona bantu bengine bamesha nifunua," alisema Vestine. "Atasema sikumungojea."

"Akifika, tutakufunika tena," alisema Libérata. "Iko rahisi. Tutarudisha mukeka, utakaa hapa, na yeye atakufunua na mukono yake. Miye nitakuwa nyuma yake, nabeba kasikisi."

Ni shauri la kijinga ukilitazama mchana. Hakuna desturi duniani inayomruhusu mwanamke kufunuliwa mara mbili, na Libérata, aliyesimamia harusi nyingi, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini Vestine alilishika kwa mikono miwili. Aliuliza kama ni kweli. Libérata alisema ni kweli. Ndipo kichwa kilipoinama, na mkeka ukatoka.

Kunyoa kulichukua muda, kwa maana nywele zilikuwa kichaka, na ndani yake palipatikana kijiti cha mianzi na kitufe cha shati la Evode. Wakati wote huo Vestine alilia, na yule mwanamke alimnyoa bila kumnyamazisha.

*

Walipotoka, ua wote uliinuka. Hakorimana, ambaye kwa miaka hiyo alimjua mkwewe kwa miguu tu, alimtazama usoni, akashangaa kwamba ni mtu mfupi. Msituni alikuwa mzito, akadhani ni mrefu. Emérita aliona kichwa kilichonyolewa, akakimbilia kwa baba yake akipiga mayowe, na ilibidi mama yake aimbe ndipo ajulikane.

Libérata alimkabidhi Vestine jembe. Kisha akasimama mbele ya lile jiwe, na watu wakaacha kucheka.

"Siye bantu ya kwao hatukukuya mikono mitupu," alisema, akiwatazama wote. "Tumeleta ndizi. Tumeleta maharagwe, na kasikisi, na maziwa. Na hili jiwe. Ni jiwe muzuri, lilikuwa ya mama yangu. Tunaliachia mutoto yetu, asage."

Zawadi ya watu wa bibi-arusi hupokewa kwa kupigiwa makofi na mwenye nyumba wa kike, na kama hapigi, ameikataa. Mukandori aliinuka. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa vijitini. Alijaribu kuinua wote wawili, maumivu yakamkata, basi akaanza kujipiga kofi pajani kwa mkono mzima, paa, paa, paa, machozi yakimtiririka, na aibu ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba ilifanana na furaha. Wengine wakamfuata. Viateur, ambaye hakuwa upande wowote, alipiga makofi kuliko wote, na kasikisi ikaendelea.

Jumatatu Vestine aliingia shambani. Alilima kama mtu aliyetoka kifungoni, siku nzima bila kunyoosha mgongo, na maharagwe yakaingia ardhini kabla mvua haijageuka. Evode alimkabidhi mkewe mtungi na hakuna aliyemwuliza tena habari za mimba, ingawa maharagwe aliendelea kuyapika yeye, kwa vile sasa aliyaloweka na alijivuna nayo.

Mama Libérata alishika ushangazi wake kwa nguvu kuliko walivyotarajia. Alipanda mlimani kila mara aliposikia mtoto ana homa. Alimgombeza Hakorimana kuhusu paa. Alidai sehemu ya shangazi kwenye mavuno yajayo, akaahidiwa, na hakuna mtu aliyepata ujasiri wa kumkumbusha kwamba aliazimwa kwa siku moja. Watu wa ng'ambo na wa huku walianza kusalimiana, kwa sababu ukishakuwa mkwe, kutosalimia ni matusi.

Ule mkeka Vestine hakuutupa. Aliufua, akaukunja, akauweka juu ya boriti, karibu na mlango. Mama mkwe wake aliuona kila siku akaacha kuuliza.

Maharagwe yalipoanza kukauka kwenye miti yake, siku moja jioni Vestine alikuwa anayang'oa mteremkoni, na Emérita anacheza mferejini. Mtu alitokea kwenye njia inayotoka Karuba. Alikuwa mwanamke, na kikapu kichwani na mtungi mkononi, anatembea taratibu kama mtu aliyetoka mbali. Jua lilikuwa nyuma yake. Vestine aliangusha alichoshika. Hakuita. Aligeuka akakimbia kuelekea nyumbani, akampita Mukandori mlangoni bila kumwona, akaunyakua mkeka, akaingia nyuma ya mianzi, akaketi.

Mukandori alisimama akatazama njia, mkono wake uliopona kwa kupinda ukiwa kifuani. Mwanamke alifika uani, akatua kikapu, akasema alikuwa ameenda Mushaki kununua chumvi, na kwamba kiu inamuua. Alikuwa Mama Libérata.

Mukandori alionesha ndani kwa kidevu. Libérata alichungulia, akauona mkeka umeketi gizani, na miguu ya Vestine imetokeza chini yake, ina udongo hadi vifundoni. Akaelewa. Aliingia hadi kwenye kizuizi, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Ni miye tu, mwanangu," alisema.

Libérata alienda akaketi nje kwenye kizingiti, karibu na Mukandori, na wale wanawake wawili wakatazama shamba. Jua lilitua. Emérita alirudi, akauliza mama yuko wapi, akaambiwa anapumzika. Evode alikuja na kuni, akaona nyuso zao, akaanza kuwasha moto kimya kimya.

Maharagwe yalipoanza kunukia, Vestine alitoka. Alikuwa amejifunua mwenyewe. Mkeka alikuwa ameukunja kwapani, na hakuurudisha juu ya boriti, bali aliutandika chini karibu na moto, akamketisha mtoto wake juu yake, akaomba bakuli.